Kilomita Tisa Nikiwa Nimeketi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanyumba amekuja tena na suruali. Ya tatu tangu mwaka uanze! Kwa faida ya atakayeokota daftari hili nikishakufa: mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu. Karani wa idara ya maji. Mtu wa kukaa kitini kutwa, kama mimi. Januari tulikuwa tumelingana matumbo, mlangoni tulikuwa tunapishana kwa zamu. Leo anataka kiuno kishuke kutoka arobaini hadi thelathini na sita.

Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, ana mchezo. Mchezo wa video! Unafunga mkanda pajani, unashika vishikio viwili mkononi, na katuni kwenye runinga anakimbia ukikimbia, anaruka ukiruka, anapiga ngumi ukipiga. Ukijitahidi unapewa nyota. Yeye ana nyota elfu moja na mia moja. Mtu mzima, mvi mpaka masikioni, anakusanya nyota!

Ningecheka. Lakini jana mama mkwe alitangaza. Jumamosi ya tarehe 15 atagawa vitu vya marehemu baba mkwe, na ile suti ya kijivu ataichukua mkwe atakayeenea ndani yake. Hataki ipunguzwe wala iachiwe mishono ipanuke. Ibaki vilevile mzee alivyoishona.

Suti ile! Baba mkwe ndiye aliyenifundisha ufundi. Miaka tisa nilikaa pembeni ya cherehani yake. Suti aliishona kwa mkono wake, vifungo nikavishona mimi. Hakuna kitu duniani ninachokitaka zaidi. Kiuno chake thelathini na tano. Changu arobaini na moja, na hapo nimevuta pumzi.

Roho imeniuma mchana kutwa. Mwishowe nikapata mpango. Suruali ya mwanyumba sikuishia thelathini na sita. Nimeibana hadi thelathini na tano. Ataivaa, haitafunga, atadhani amenenepa, atakata tamaa. Kazi imenichukua dakika ishirini na sijawahi kushona mshono mzuri kama ule.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Amerudi. Suruali imegoma kufunga. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikawa na majibu yangu tayari. Hakugomba. Alinishukuru! Eti mchezo ulikuwa unamsifia bure, suruali ndiyo imemwambia ukweli. Kuanzia leo anaongeza muda mara mbili, na soda ya jioni ameiacha.

Jioni shemeji akampigia simu dada yake kusema mumewe anatokwa na jasho mpaka wameweka tambara sakafuni. Mama watoto akanisimulia kwa sauti ya mtu anayesifu sinema. Nikamwambia hata mimi natoka jasho, nikipiga pasi.

Kisha pigo la pili. Mwanyumba amenunua mchezo mpya, huu wa zamani anatupa sisi bure. Mama watoto akakubali kabla sijafungua mdomo. Sitaki hisani yake. Lakini pia nataka suti. Nimepiga moyo konde, nimeupokea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jaribio la kwanza. Runinga iko sebuleni, chumba changu cha kazi kiko upande wa pili wa pazia, kwa hiyo hakuna mteja aliyeniona. Ashukuriwe Mungu.

Mwanamke wa kwenye runinga akaniambia vizuri sana, wakati nilikuwa bado natafuta mkanda uliodondoka chini ya kochi. Nikampenda papo hapo. Mapenzi hayakudumu. Dakika ya tatu magoti yalilia. Dakika ya sita nililala zuliani, na katuni wangu naye akainama akihema, mshenzi, ananiigiza.

Mama watoto ni muuguzi zahanati. Alinishika mkono, akahesabu mapigo, uso wake ukabadilika kidogo. Nikamuuliza kama kweli michezo hii inampa mtu afya au ni biashara ya watu tu. Nilitaka aseme ni biashara ya watu.

"Moyo haujui kama ni mchezo au ni mlima," akasema. "Unajua tu kama umetumikishwa."

Kisha akafunga mkanda yeye, akacheza nusu saa huku akiimba. Nyota thelathini. Mimi mbili. Na ubao wa majina unaonyesha kila mtu: mwanyumba juu kabisa kwa nyota zake za zamani, jina lake linametameta. Langu liko chini, hata halimetameti. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Waliosema hawakuwahi kuwa na mwanyumba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Asubuhi nilikuwa nashona mapazia ishirini na mawili ya ofisi ya bima, kwa cherehani ya kukanyaga, maana kitambaa ni kizito. Mkanda nilikuwa nimeusahau pajani baada ya jaribio la alfajiri, na mchezo bado unawaka. Nikasikia ule mlio wa nyota sebuleni. Nikachungulia pazia. Katuni anatembea! Pole pole, lakini anatembea.

Nikawaza. Nikauvua mkanda, nikaufunga kwenye kanyagio lenyewe. Nikakanyaga. Loo! Katuni alichomoka kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Mapazia saba baadaye alikuwa amekimbia kilomita tisa. Amevuka mto, amepanda mlima, amempita joka. Mimi nimeketi, chai mkononi.

Nyota mia nne kwa siku moja. Nikapiga picha ubao, nikaituma kwenye kundi la simu la ukoo. Pongezi zikamiminika. Mama mkwe alituma ujumbe mzima wa sauti wa kuniombea dua. Mwanyumba akaandika ujumbe mrefu, eti kwa siku moja nimemshinda na nimemtia moyo. Niliusoma mara sita. Mara ya sita bado ulikuwa mtamu.

Kukamilisha kazi, nimeachia kiuno cha suruali zangu mbili inchi moja na nusu kila moja. Zinaning'inia. Nimepita mbele ya mama watoto mara nne nikizivuta juu na kuguna kwamba siku hizi nguo hazinikai. Aliniangalia muda mrefu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Naongoza ubao. Mapazia yamekwisha, sasa nashona mashuka ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kilomita hamsini na mbili kwa jumla. Mwanamke wa kwenye runinga ananiita bingwa.

Leo mwanyumba amepita kunipa mkono. Anasema tangu aone kilomita zangu hana usingizi wa asubuhi. Anaamka saa kumi na moja, anacheza, anaoga, anakwenda kazini kwa miguu. Nikamwambia avue koti nimpime, kirafiki tu. Thelathini na tano! Nikapima tena. Thelathini na tano. Suruali niliyombania imefunga, na inamkaa.

Yaani mimi ndiye ninayempunguza! Kwanza kwa suruali, kisha kwa nyota. Nimejichimbia kisima, nikajishikia na taa.

Alipoondoka nikajipima. Arobaini na moja na nusu. Nilidhani futi imelegea, nikachukua mpya kutoka kwenye pakiti. Ikasema arobaini na mbili. Nimerudi kwenye ile ya zamani.

Wakati wa kula mama watoto akanyoosha kidole kwenye kiuno changu. Akasema matundu ya sindano ya mshono wa zamani bado yanaonekana. Akasema miaka kumi na nane ya kuishi na fundi imemfundisha kusoma mishono. "Baba watoto," akasema, "suruali haipunguzi mwili." Nikaomba chumvi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa kujilazimisha.

Mama mkwe alikuja bila taarifa. Amewasimulia majirani zake wote kwamba ana mkwe anayekimbia kilomita tisa kabla ya chakula cha mchana, sasa anataka kuona kwa macho yake. Nikajitetea kwa nyonga, nikajitetea kwa wateja. Akasema atasubiri nijiandae. Na kwa kuwa yeye ni mke wa fundi na hajui kukaa mikono mitupu, akasogeza pazia, akaketi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga ili akaze pindo la gauni lake.

Nilikuwa mbele ya runinga, nikipapasa paja. Mkanda hakuna. Ndipo nikakumbuka ulipo.

Mama mkwe akaanza kukanyaga. Katuni akachomoka. Mimi nimesimama wima, sijainua hata kisigino, na katuni anapasua msitu! Nikaanza kurukaruka ili nifanane naye. Mama mkwe akasimama kukata uzi. Katuni akasimama. Nami nikasimama, mguu mmoja hewani. Akaanza tena. Tukaanza tena. Mwanamke wa kwenye runinga akasema bingwa ana kasi ya ajabu leo.

Mama watoto alikuwa mlangoni, ametoka kazini, sare bado mwilini. Alitazama runinga. Akatazama pazia. Akanitazama mimi. Kisha akakaa sakafuni na kucheka mpaka akashika mbavu.

Mama mkwe alitoka na pindo limeisha. Hakuelewa kitu. Akaona nyota sitini mpya, akanipangusa jasho kwa kiganja chake, akasema mzee angejivunia. Jasho lilikuwa la kweli. Ilikuwa dakika kumi na mbili za kurukaruka, na sijawahi kufikisha dakika kumi na mbili maishani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama watoto amenipa masharti usiku: nimwambie mwanyumba ukweli. Nimekubali. Sikusema lini.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Ukoo mzima ulikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Saa ya mzee alipewa mjomba. Vitabu vyake wakagawana wajukuu. Kisha suti ikaletwa, kwenye mfuko wa nguo, ikinuka sabuni ile ile aliyokuwa akitumia.

Wakanitanguliza mimi, kama bingwa wa nyota. Nikaingia chumba cha pili. Suruali ilifika kwenye mapaja, ikakataa. Nikalala kitandani, nikavuta. Ikafika nyonga. Vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali, kama watu waliokosana. Koti likanibana mabega mpaka mikono ikasimama kando. Nikatoka hivyo hivyo, nimeshika suruali kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mama mkwe akaniambia kwa upole nivute pumzi. Mama, hii ndiyo pumzi niliyoivuta!

Akaingia mwanyumba. Akatoka. Imemkaa kila mahali. Begani, kiunoni, hata urefu wa mkono. Akageuka kuelekea dirishani na kwa nyuma alikuwa mzee mwenyewe. Mama mkwe akalia. Mimi nami nikalia. Nimesema ni vumbi la suti. Halikuwa vumbi. Nilimwona mwalimu wangu amesimama pale, na si ndani yangu.

Mwanyumba akarudi chumbani, akavaa nguo zake, akaja na suti imekunjwa. Akaniwekea mapajani.

"Mimi mzee nilimjua kwenye sherehe tu. Wewe ulikaa naye miaka tisa. Hii ni yako, hata kama haifungi."

Akawageukia watu, akasema bila suruali nilizombania na nyota nilizopata asingefika popote. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Mama watoto alinikazia macho, akisubiri niseme ukweli. Nilifungua mdomo. Nikasema asanteni.

Suti ni yangu!

Jumapili, tarehe 16 Machi

Suti inaning'inia mbele yangu. Nimeipapasa kila mshono. Vifungo vyangu bado vimekaza. Nilipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Lakini simu haijatulia tangu alfajiri. Jumbe arobaini na tatu kwenye kundi la ukoo, zote kuhusu moyo wa mwanyumba. Moyo wake mkubwa. Moyo wake safi. Mjomba amesema watu kama yule hawazaliwi tena. Fundi viatu wa jirani, ambaye hata si ndugu, amekuja kuniuliza kama ni kweli. Kuhusu mimi kumekuja ujumbe mmoja tu. Shemeji anauliza kama nilikumbuka kumshukuru mumewe.

Hata mama watoto! Alikuwa mbele ya runinga, anakimbia akiwa amesimama mahali pamoja, nyota mia tatu sasa, akasema bila kuhema kwamba mtu ni roho. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote.

Haiwezekani. Kiuno anishinde, na roho pia anishinde? Ameniachia nini?

Nimepata mpango. Jumamosi ijayo namrudishia suti, mbele ya ukoo mzima, na juu yake namwongezea mashuka kumi na moja. Tuone sasa nani ana moyo mkubwa. Mama watoto ameuliza nitabaki na nini. Nimemwambia wanawake hawaelewi mashindano.

Hotuba nimeshaianza. Yake ilikuwa sentensi tatu. Yangu imefika ukurasa wa nne, na bado sijafika mahali pa kutoa suti.