Redio Kumi na Saba kwa Kila Mtu

Jumatatu, 7 Juni

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote wanaandika. Hii nimepewa bure na Noordin, mwenye duka la mabati na misumari hapa Rangwe, kwa kuwa mimi ni mteja wake wa heshima. (Misumari miwili, mwezi wa nne. Ya kutundikia kioo.) Jalada jeusi, utepe mwekundu. Na kurasa za mbele zimejaa takwimu za dunia nzima!

Nimesoma mpaka chai ikapoa. Wafini wanakunywa kahawa kushinda karibu kila mtu, na kwao hakuna hata mche mmoja wa kahawa. Wajapani wanaishi hadi wanasahau kufa. Wamarekani wana redio mbili kwa kila mtu. Mbili! Wanasikilizaje? Labda moja kila sikio. Sisi Kenya tuna redio moja kwa watu kumi hivi. Kila kitu kinahesabiwa kwa kichwa, na mimi ni kinyozi. Sijawahi kuona kitabu kinachonihusu namna hii.

Mteja wa mwisho alikuwa Mzee Gichana. Nilimsomea hesabu ya madaktari nchi kwa nchi, nikasahau upande wa kushoto wa kichwa chake. Ameondoka hivyo hivyo. Atarudi akijiona.

Jumanne, 8 Juni

Habari kubwa barazani! Chifu ametangaza kwamba shirika fulani la wafadhili litachimba kisima cha pampu. Kimoja tu. Ama soko letu, ama soko moja kule Lambwe. Karani wao anakuja Alhamisi kuuliza watu hali zao: maji, redio, baiskeli, mabati. Penye shida zaidi ndipo patakapochimbwa.

Moyo ulinienda mbio. Si kwa ajili ya maji. Kwa ajili ya Risper.

Risper ana hoteli ng'ambo ya barabara, chai na maandazi na maharagwe. Kioo changu nimekitundika mahali ambapo nikimnyoa mtu namwona yeye. Mwezi wa nne nilimwomba tuoane. Alijibu kwamba kila siku anapanda kilima kutoka mtoni na mtungi kichwani kwa ajili ya hoteli, na hana shingo nyingine ya kubebea maji ya mume. Siku maji yakifika sokoni, nimuulize tena. Tangu hapo sijui kama nampenda yeye zaidi au pampu.

Halafu kuna Gisiri. Huyu alitoka upande wa Kuria na punda, akaanza kuuza maji. Kila asubuhi humpelekea Risper mtungi wa kwanza bure. Anasema ni zawadi kutoka kwa punda. Mtu mzima!

Jumatano, 9 Juni

Nimegundua siri ya uchumi wa dunia!

Nchi zenye redio nyingi ndizo zinazotoa misaada. Zenye redio chache ndizo zinazopewa. Nimepitia jedwali lote kwa kidole. Hakuna hata nchi moja yenye redio mbili kwa kila mtu inayochimbiwa kisima na jirani. Kwa hiyo Rangwe ikipungukiwa redio, pampu ni yetu. Redio haziwezi kupungua kwa siku moja, lakini zinaweza kuhama.

Nimezunguka soko zima nikiwaambia watu walete redio zao kwangu hadi Ijumaa. Wengine wamecheka. Susana, muuza samaki, ameuliza, "Sasa wewe Cliff, umeanza kununua redio ama umeanza kuiba?" Nimemwonyesha jedwali. Hakuelewa, lakini zile nambari zimemtisha, akaleta yake. Wengine wakamfuata. Zimejaa chini ya kitanda. Nyingine nimezificha ndani ya sufuria.

Wa mwisho ni Gisiri, na redio kubwa ya betri sita. Nimeshangaa. Pampu itamharibia biashara, sasa msaada huu unatoka wapi? Akasema soko likisema ndiyo, yeye ni nani. Ameongeza kwamba redio yake haina swichi. Inaongea waya mbili zikigusana tu, kwa hiyo nisiichezee. Nimeilaza chini ya godoro upande wa miguuni, polepole kama mtoto. Jumla kumi na saba.

Je, karani akiingia kwangu? Hilo nimelipigia hesabu. Chifu amesema ataingia kila nyumba ya kumi. Ukihesabu kutoka kanisani, mimi ni wa kumi na nne. Salama kabisa.

Alhamisi, 10 Juni

Ameanzia kwa Noordin!

Karani ni Bi Shamima, binti wa Mombasa, Kiswahili laini hadi naona haya kufungua mdomo. Aliulizia njia dukani kwa Noordin, akapewa chai, akaona ahesabu kuanzia hapo hapo. Ukihesabu kutoka upande huo mimi ni wa kumi. Nani alipanga nyumba za soko hili?

Nikampa kiti. Nina kimoja. Tukaanza vizuri sana. Watu wangapi wanaishi hapa? Mmoja. Baiskeli? Hakuna. Redio? Nikacheka kwa huzuni, nikasema habari huwa nasimuliwa na wateja. Alikuwa anaandika kwa huruma! Pampu niliiona kwa macho.

Hapo mlango ukaingia giza. Mzee Nyamweya, baba yake Risper! Tulimtarajia Jumamosi, aje kumtazama huyu kinyozi anayetajwatajwa. Lakini alipata lifti ya trekta la miwa linalorudi tupu kutoka Awendo, akaona asiiache.

Sasa nifanyeje? Kitini kuna mtu wa kuonyeshwa umaskini. Mlangoni kuna mtu wa kuonyeshwa mali. Na ni wakati huo huo Bi Shamima aliponiuliza maji tunayachota mbali kiasi gani. Mzee amesimama, ametega masikio. Nikausikia mdomo wangu ukisema si mbali, dakika tano tu, tena mara nyingi tunaletewa mlangoni. Kalamu ikaandika. Nilitamani niitafune ile karatasi.

Nikamkaribisha mzee akae kitandani. Akakaa upande wa miguuni.

Kitanda kikaanza kusoma taarifa ya habari.

Kwa sauti ya juu! Mzee aliruka kofia ikagonga mabati, akamwita Mungu kwa Kikisii. Bi Shamima akainua godoro kwa vidole viwili. Akainama, akachungulia chini ya kitanda. Akafunua sufuria. Akazihesabu zote bila haraka, kisha akasema kwa adabu zake za pwani, "Kumi na saba. Na nyumba ina mtu mmoja, sivyo kaka?" Nikakubali. Akaandika kwamba hapa pana redio kumi na saba kwa kila mtu.

Nimeipita Marekani mara nane na nusu. Peke yangu.

Jambo la ajabu, Mzee Nyamweya alitulia, akazitazama zile redio moja moja, akaniita mwanangu! Kwa muda mfupi nilikuwa mkwe. Kisha Susana akapiga hodi. Alikuwa amesikia habari zinasomwa kwangu, akadhani mambo yameisha, amekuja kuchukua yake. Nyuma yake Mzee Gichana, nusu kichwa bado kina nywele. Nyuma yake foleni. Kila redio iliyotoka, mzee alisogea hatua moja karibu na mlango. Gisiri alibeba yake begani ikiwa bado inasoma habari za michezo.

Ijumaa, 11 Juni

Sijafungua kinyozi. Nimelala hadi jua limeingia miguuni.

Susana amepita na mtungi, hakunisalimia. Ana haki. Dakika tano! Mwendo ule ni saa nzima kwenda na kurudi, na nimewauza wanawake wa soko zima kwa sababu ya kofia ya mzee mmoja. Nimeona aibu. Nimejaribu kusoma takwimu za Uholanzi ili nipoe. Hazikunisaidia.

Saa nne Risper amesimama mlangoni kwangu. Mara ya kwanza kabisa! Nilitegemea matusi. Hakutukana, na hiyo imeniuma zaidi. Ameuliza tu yule dada wa kuhesabu amelala wapi. Nikamwambia, kwa mke wa chifu. Akaondoka na mitungi miwili mitupu.

Mengine nimesimuliwa. Alimwomba Bi Shamima amsindikize mtoni, kila mmoja abebe mtungi wake. Wakati wa kurudi dada wa watu alivua viatu akavishika mkononi, akapumzika kila baada ya mti, gauni lote limelowa. Katikati ya kilima wakakutana na Gisiri. Gisiri akiona wasichana wawili hawezi kunyamaza. Akaapa kwamba njia hii imeshinda binadamu, bila punda wake soko lingekufa kiu, na hata punda mwenyewe kuna siku analia. Bi Shamima akamwomba arudie polepole ili aandike. Akarudia! Akataja hadi mahali ambapo punda hulala chini.

Jumatatu, 28 Juni

TUMEPATA!

Chifu ametangaza mwenyewe. Kumbe walichokuwa wanapima hasa ni umbali wa maji. Redio lilikuwa swali la kupita tu. Bi Shamima amemwambia chifu kwamba ameitoa nyumba moja kwenye hesabu kwa sababu haifanani na nyumba yoyote. Nimemuuliza chifu mara mbili. Dada yule hakusema yoyote ya Rangwe. Hakusema yoyote ya Kenya. Yoyote!

Bado naamini redio zilichangia.

Mzee Nyamweya naye ametuma salamu kutoka Awendo. Amesema amefikiri sana. Mtu anayeaminiwa na soko zima hadi apewe redio zao alale nazo hawezi kuwa mwizi. Mjinga, ndiyo. Lakini kwao wajinga wameshaoa mabinti wengi tu na nyumba zikasimama. Nimeisikiliza salamu hiyo mara tatu kutoka kwa dereva wa trekta. Kila mara imekuwa tamu zaidi.

Jumamosi, 7 Agosti

Maji yametoka!

Kwanza pampu ilikohoa, ikatema matope, halafu maji meupe. Susana akapiga kigelegele, akanirushia viganja viwili vya maji usoni. Nimesamehewa. Gisiri amepewa kazi ya kulinda pampu, mshahara kila mwezi, na punda sasa anabeba matofali. Anatembea kama mkurugenzi. (Gisiri. Punda hajabadilika.)

Nimemuuliza Risper pale pale, mbele ya foleni. Akanitwika mtungi uliojaa, akasema nikiufikisha hotelini ukiwa na maji atajibu. Ni hatua chache. Nimefika nimelowa hadi viatu, mtungi nusu. Akauchungulia, akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Akasema sawa, hayo yatatosha chai.

Ndiyo! Huyo ni Risper amesema ndiyo!

Baadaye amepekua shajara yangu akaniuliza mbona jaladani kumeandikwa 1993. Sikuwa nimeona. Nimekwenda kwa Noordin mbio. Amesema kwa upole siku za dayari hiyo zimelingana na za mwaka huu moja kwa moja, siku haziozi, na kitu cha bure hakina lawama. Risper alidhani nitahuzunika. Nihuzunike kwa nini? Takwimu zote hizi ni za zamani! Miaka sita yote dunia imekuwa ikisonga bila kuniambia. Huenda Wafini tumeshawapita.

Na nimesikia mwezi huu huu serikali inahesabu watu wote nchini. Kila mtu ataandikwa mahali alipolala usiku wa tarehe 24. Soko lenye watu wengi litafikiriwa zahanati, akili inasema hivyo. Safari hii sitahamisha redio. Nimejifunza. Nitahamisha watu.

Nimemwambia Risper harusi yetu iwe tarehe 24, na iende hadi usiku mkubwa. Wageni kutoka Awendo, Migori, Lambwe, wote walale Rangwe. Ameuliza ni nani hufunga ndoa Jumanne. Nimemwambia ni mapenzi, siwezi kungoja Jumamosi.

Nafasi za kulala nimeshazigawa. Kwangu watalala kumi na saba tu.