Ramani ya Ufalme wa Kesho

Balozi wa kweli hasimami dirishani mwa duka la vitabu saa nne asubuhi, akiwa na shati lake pekee lenye vifungo vyote. Huyu wetu alipewa cheo na mtaa, kwa kuwa tangu ujanani alikuwa akiwakilisha watu ambao hawakumtuma.

Siku hiyo alikuta watu wazima watatu wakibishana mbele ya kioo.

"Pango la joka liko kaskazini mwa Msitu wa Samahani!"

"Kaskazini wapi? Kitabu cha nne, mfalme anatembea asubuhi mbili jua likimpiga usoni. Mashariki hiyo!"

"Mfalme mwenyewe hupotea akienda chooni, utamwamini?"

Walikuwa wakizungumzia Ufalme wa Kesho, vitabu saba vya kuchekesha kuhusu nchi ambayo joka lake linaogopa moto na uchawi wake huanza kufanya kazi baada ya siku tatu. Mji mzima ulikuwa umevipenda hadi ukapitiliza. Mwenye duka akatoa kichwa mlangoni, akaguna kwa uchungu.

"Laiti vingekuwa na ramani! Ningepanga bei ninayotaka."

Balozi hakuwa amesoma hata majalada. Sentensi hiyo ya mwisho, hata hivyo, aliielewa vizuri sana.

Akarudi moja kwa moja nyumbani kwa kaka yake, ambako alikuwa akilala kwenye kochi kwa "wiki mbili tu" zilizokwisha kufika miezi tisa. Kaka alikuwa kazini, mbali. Aliyekuwepo ni shemeji, mchora mabango, ambaye mtaa ulimwita Mama Rangi. Saluni, gereji, bucha, duka la dawa, yote yalibeba herufi zake nene zenye mikia mirefu. Miaka kumi na mitano alikuwa ameandika majina ya wenzake, lake hajaliandika popote. Jambo hilo lilimuuma, wala hakuficha.

"Shemeji," alianza Balozi kwa sauti ya mtu aliyeleta posa, "umevisoma vile vitabu vya Ufalme wa Kesho?"

"Mara tatu tatu. Wewe je?"

"Vyote!"

"Joka linaitwaje?"

"Tusiingie kwenye mambo madogo. Wewe chora ramani yake. Mwenye duka ataichapa, na jina lako litakaa hapo, herufi kubwa."

Brashi ikasimama hewani. "Jina langu? Niapie."

"Naapa kwa kochi ninalolalia."

Mama Rangi alifanya kazi wiki tatu. Alipanga vitabu vyote saba mezani, akavijaza vikaratasi, akapima safari kwa uzi. Siku moja ya mfalme aliihesabu nusu kidole, kwa sababu mfalme ana goti bovu. Siku ya mjumbe, vidole viwili. Mlima Subiri ukapata theluji, Bonde la Nitakupigia likapata ukungu. Alipokaribia kumaliza akauliza, "Jina niliweke wapi?"

"Aa, hilo waachie wapiga chapa," alisema Balozi, akiangalia ncha za viatu vyake.

Mama Rangi naye akaviangalia viatu hivyo. "Haya," akasema, kisha akatumia siku mbili nzima kurekebisha mito.

Kwa mwenye duka, Balozi alifika amevaa sura ya mtu aliyekabidhiwa siri. Yule mwandishi ambaye hakuna msomaji aliyewahi kumwona? Walikua pamoja, alidai Balozi. Ramani hii aliichora kwa mkono wake, na amemwachia rafiki yake huyu peke yake. Mwenye duka akafunga pazia ili washindani wasichungulie, akailaza ramani mezani, akaiinamia na kioo cha kukuzia, kijiji baada ya kijiji, mpaka pua ikakaribia kugusa bahari.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Huu ni mkono wake." Hakuwahi kuuona mkono huo maishani.

"Ni wachache wanaoweza kuutambua," Balozi alisema kwa heshima kubwa.

Bahasha ya pesa ikahamia mkononi mwa Balozi, na kabla ya adhuhuri ikawa suti ya kijivu na viatu vilivyochongoka. Suti akaificha kwa rafiki. Nyumbani akasema, huku akikazia macho bomba la maji, "Wamekataa, shemeji. Eti haina mvuto."

"Pole yao," alijibu Mama Rangi, akaendelea kuosha brashi.

Jumamosi asubuhi ilikuwa uzinduzi. Ramani ilikuwa imekuzwa ikajaza dirisha zima, nayo imefunikwa kitambaa. Wasomaji walijaa hadi ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa amemwalika mpaka mhariri wa vitabu vyenyewe, mama mmoja mpole. Balozi alisimama kando yao ndani ya suti, "mwakilishi wa mwandishi."

Kitambaa kikaanguka. Waliokuwa karibu wakapiga kelele.

"Goti la mfalme! Amelihesabu mpaka goti!"

Mhariri akapitisha kidole juu ya kioo taratibu. "Hii imepimwa kuliko vitabu vyenyewe. Nani kachora?"

"Mwandishi wenu," alijibu mwenye duka.

"Kwa mkono wake," Balozi akaongeza.

"Mwandishi wetu?" Mhariri alishangaa. "Yule hawezi kuchora hata yai!"

Balozi akanyoosha ukosi wa suti. "Alijifunza... kwa siri... kwa njia ya posta..."

Hapo ng'ambo ya barabara kikalipuka kicheko. Kinyozi alikuwa akipunga taulo. "Kazi ya Mama Rangi hiyo! Si ameandika? Njooni huku muone!"

Wote wakavuka. Mchora mabango hakagui kazi yake mezani. Huisimamisha, akavuka barabara, akaitazama kama mpita njia. Kutoka pale misitu ilififia, vijiji vikamezwa, ikabaki mito tu. Na mito hiyo ya buluu, kutoka pwani hadi mpakani, ilikuwa herufi nene zenye mikia mirefu ambazo mtaa mzima uliziona kila siku: MAMA RANGI.

Mwenye duka alivuka wa mwisho, amemshika Balozi ukosi. "Suti ni yangu," alisema. "Na viatu. Vua."

Mhariri alimkuta Mama Rangi hatua chache kutoka kwa kinyozi, mbele ya duka la dawa, aproni yake imejaa madoa. "Tungependa ramani saba, moja kwa kila kitabu."

"Na jina?"

"Popote utakapo, mama."

Mama Rangi akalia palepale, bila aibu, akajifuta kwa kiganja na kujipaka kijani shavuni.

"Shemeji," Balozi alinong'ona, amebaki na soksi tu miguuni, "mkataba kama huu unahitaji mtu wa kukuwakilisha."

"Nina mdomo, shemeji. Na kochi nalihitaji kwa karatasi zangu."

 Balozi akavuka barabara kwa soksi, akaegemea dirisha la duka, akajaribu kufikiria atalala wapi leo.

"Balozi!" umati ukampigia kelele kutoka ng'ambo. "Sogea basi! Umeziba jina!"