Kuhusu Ng'ombe Wanne Wanaoivunjia Heshima Landrova Yangu

Karakana ya Useremala,
Ushirombo.
23 Machi 1982

Kwa Ndugu Otmar,
Mwenyekiti, Umoja wa Wenye Landrova,
Masumbwe.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mke wangu Serafina, ambaye amesema niziandike ingawa hajui barua inahusu nini. Mimi ni mzima. Landrova nayo ni nzima kuanzia bampa ya mbele hadi kiti cha dereva. Huko nyuma bado tunaangalia.

Ninakuandikia kuhusu kanuni ya saba ya Umoja wetu. Kanuni hiyo inasema kwamba mwanachama ambaye gari lake litakokotwa na mnyama zaidi ya mara tatu katika masika moja hataongoza msafara wetu wa Pasaka wa kwenda Geita. Naikumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeipendekeza, siku ile Abdu alipokokotwa na punda, na nilicheka kuliko wote. Mwaka huu zamu ya kuongoza ni yangu. Nimeisubiri tangu mwaka 1973. Serafina ameshashona bendera kutokana na pazia la chumbani, na sasa tunalala majirani wakituona.

Hadi leo nimekokotwa mara kumi na moja. Idadi siikatai. Ninachokataa ni kwamba kosa ni langu. Kosa ni la ng'ombe wanne wa mkulima mmoja aitwaye Maduhu, ambaye shamba lake linapakana na barabara pale kwenye mbuga ya Bulyambeshi, na malalamiko yangu dhidi yao ni haya yafuatayo.

1. Wanakuja mapema mno. Wewe unalijua tope la Bulyambeshi, lile jeusi linaloshika kiatu na kuuacha mguu uende zake. Mtu akizama pale anahitaji nafasi ya kupambana: aweke fowili tairi zote nne zivute, arudi nyuma, akate matawi ayatandike chini ya tairi, atukane kidogo. Mimi sipewi nafasi hiyo. Ng'ombe hao wakisikia injini yangu ikishuka kile kilima, wanaacha kulima na kugeukia barabarani. Mara ya nane walinifuata wenyewe huku wakiburuta jembe, na Maduhu akija nyuma mbio kuwaomba wamsubiri. Nilikuwa bado sijakwama. Nilikwama nilipowaona, kwa kushangaa.

2. Jina. Maduhu, kama Wasukuma wengi, huwapa ng'ombe wake majina. Yule mwekundu, mnene, mzito wa kuamka, amemwita Tarsisi, jina langu mimi. Mimi nakaa nyuma ya usukani mbele ya abiria na watu wa mnadani, na huko mbele mtu anapaza sauti: "Tarsisi, acha uvivu! Tarsisi, vuta, watu wanakutazama!" Nilipomuuliza Maduhu kwa upole sababu ya jina hilo, alinijibu kwamba huyo ndiye ng'ombe anayempenda kuliko wote. Sijui niipeleke wapi heshima ya namna hiyo.

3. Shikamoo. Maduhu amenizidi umri kwa miaka kama kumi. Adabu yangu naijua. Lakini nakuomba ufikirie, Ndugu Mwenyekiti, mtu mzima, fundi anayeaminiwa, amesimama tope magotini, kofia imeanguka, na inambidi atoe shikamoo. Naye ananiitikia marahaba taratibu, anauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mvua za Ushirombo, wakati Landrova inaendelea kushuka. Mara ya sita tulipomaliza kusalimiana, tope lilikuwa limefika kwenye taa.

4. Chakula. Hapa naomba usome polepole. Maduhu hapokei malipo. Nilimpa fedha akacheka. Nikampa kigoda cha mninga nilichokichonga mwenyewe, akakipokea kwa mikono miwili, kisha akanikalisha mimi juu yake. Anasema: "Fundi, ng'ombe hawakodishwi kwa jirani. Wewe kaa tule." Basi kila ninapokokotwa lazima nikae nile. Mkewe, Mama Chausiku, huleta ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, na baadaye michembe ya viazi vikavu na maziwa, na ukisema umeshiba anaona umemdharau. Kwa hiyo tangu masika yaanze nimenenepa. Nikinenepa, gari linakuwa zito. Gari likiwa zito, linazama. Likizama, nakokotwa. Nikikokotwa, nakula. Nimeupima mkanda wangu, na umesogea matundu mawili. Naomba Umoja uone ni nani hasa anayelizamisha gari hili.

Tena mtu anayekutoza unaweza ukamchukia ukapata nafuu. Huyu hanipi hata nafasi hiyo.

5. Jumapili. Kama ujuavyo, siku hiyo magari yanatakiwa yawe yamelala ifikapo saa nane mchana, ili kubana petroli. Jumapili mbili nimekokotwa saa nne asubuhi, nikaketi kula, nikanyanyua kichwa nikakuta saa nane imepita. Mimi ni raia mtii. Nililala kwa Maduhu. Serafina, ambaye tangu zamani huiita Landrova hii mke mwenzake asiyetangazwa kanisani, sasa anasema alizoea kuwa wawili, lakini wa tatu huyu anayepika nsansa hajamzoea.

6. Maneno ya Abdu. Mwanachama mwenzetu Abdu, mwenye duka, anatangaza kila mahali kwamba kinachonizamisha ni mninga. Naomba nijitetee. Milango ya bati iliisha kwa kutu mwaka 1976, na vipuri unajua vilivyo: ukiulizia mlango wa Landrova mjini Shinyanga unaulizwa kama una akili timamu. Mtu hujikuna ajipatapo. Mimi ni seremala, nikachonga milango ya mninga. Ilipendeza. Nikachonga bampa. Ilipendeza zaidi. Nakiri kwamba baada ya hapo sikujua pa kuishia, nikaendelea na keria, dashibodi yenye droo tatu, sanduku la spana lenye kufuli, na nyuma ya kiti cha abiria kabati dogo la vikombe. Abdu alipoliona alisema: "Fundi, kabati umemaliza. Sasa tafuta gari la kulibebea." Wanachama wote walicheka, na wewe Mwenyekiti nilikuona umeangalia pembeni.

Mninga ni mti mwepesi kwa anayeujua. Watu sita wanaweza kuunyanyua ule mlango mmoja bila taabu.

Kutokana na hayo yote, naomba Umoja ufanye mojawapo ya mambo yafuatayo kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Kwanza, Umoja umwandikie Maduhu ahamishe shamba. Nafahamu kwamba shamba hilo ni la babu yake, na barabara ndiyo iliyolifuata. Basi kama haiwezekani, pili, aagizwe awe analima upande wa pili wa kilima siku za safari zangu, mahali ambapo ng'ombe hawasikii. Na kama hilo nalo litaonekana ni uonevu, tatu, naomba ng'ombe hao wanne waandikwe kwenye daftari la Umoja kuwa ni sehemu ya Landrova yangu.

Usicheke, Ndugu Mwenyekiti. Kalisti wa Geita, yule anayebeba wachimbaji wa dhahabu, ana winchi mbele ya gari lake. Akizama anafunga waya kwenye mti anajivuta, na hakuna anayesema Kalisti amekokotwa na mti. Winchi yangu inakula majani, tofauti ni hiyo tu. Gari likivutwa na vipuri vyake lenyewe halijakokotwa, limetembea. Kwa hesabu hiyo mimi masika haya sijakokotwa hata mara moja, na kanuni ya saba hainihusu.

Naisubiri bendera ile ipepee, Ndugu Mwenyekiti. Nasema bila aibu kwamba naitaka sana. Miaka tisa nimefuata nyuma ya moshi wa wenzangu nikimeza vumbi lao, na nilitaka safari moja tu wao wameze langu.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, Kalisti akipita hapo, na wanachama kwa jumla. Nisalimie hata Abdu, kwa kifupi.

Wako katika ujenzi wa Taifa na ukarabati wa Landrova,

Tarsisi, fundi seremala

NYONGEZA, Alhamisi 25 Machi. Naandika nyuma ya karatasi ile ile, maana karatasi ni adimu na siwezi kuichana barua nikaanza upya.

Jana niliamua kukuletea barua hii kwa mkono. Ili nisikokotwe mara ya kumi na mbili nikiwa nimebeba malalamiko ya kukokotwa, nilifanya jambo ambalo naomba Abdu asiambiwe. Nilifungua milango, keria, bampa, sanduku na kabati la vikombe, nikaita watu sita, tukaviegemeza vyote kwenye ukuta wa karakana. Serafina alitoka nje akatazama, akasema kumbe humo ndani kulikuwa na gari.

Nikafika Bulyambeshi, nikaweka fowili, nikaingia. Ndugu Mwenyekiti, ilipita. Ilipita kama iko kwenye barabara ya lami ya watu wengine. Nilitokea upande wa pili nimejaa tope hadi kwenye nyusi, kwa kuwa sina milango, nikapiga vigelegele peke yangu kama mama wa bwana harusi.

Kisha nikageuka nyuma. Maduhu alikuwa amesimama kando ya barabara, ng'ombe wanne wameshafungwa nira, mnyororo uko begani. Nyuma yake Mama Chausiku alikuwa ameshatenga chungu na kukifunika kwa kanga. Maduhu aliniinulia mkono, polepole, kama mtu anavyomuaga ndugu anayehamia mbali. Yule ng'ombe mwekundu bado alikuwa ananitazama.

Nilikaa pale pakavu muda wa kumaliza kikombe cha chai. Niliifikiria bendera. Kisha nikafikiri kwamba mara kumi na moja masika haya nimekula kwenye sahani moja na mtu huyu, ameniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao, na katika barua yote niliyokuandikia nimemwita mkulima. Hakuna mahali nilipomwita rafiki. Niliona haya, Ndugu Mwenyekiti, na haikuwa haya ya tope.

Basi niligeuza gari. Nikachagua pale panapozamisha kuliko pote, nikaingia taratibu hadi tairi zikapotea, nikazima injini.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kisukuma. Nikatoa shikamoo. Akaniambia nimechelewa, ugali unapoa. Hakuuliza kwa nini safari hii nilikuwa natokea upande wa Masumbwe.

Hiyo ni ya kumi na mbili. Iandike. Msafara aongoze Abdu, na bendera anayo mleta barua hii. Mleta barua ni Maduhu mwenyewe, anakuja mnadani huko. Hajui kusoma, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, na nakuomba sana usimsomee ukurasa wa mbele.

Mwambie Abdu siku ya Pasaka akifika Bulyambeshi ashike kushoto. Akizama asijisumbue na matawi, apige honi mara moja tu. Tarsisi wote wawili tutakuwa tumeshasikia.