Azimio la Mali Inayohamishika

Wewe unayesoma haya ulipita pale. Usikane. Ulipita Majengo kabla ya masika ya mwaka huu wa arubaini na saba, ukaziona karatasi zimebandikwa mlango hadi mlango, ukakaza mwendo huku ukijifanya unakagua viatu vyako. Kwa kuwa hukusimama kusoma, tangazo lenyewe lilisema hivi:

"Kamati Kuu ya Kustawisha Makao ya Wenyeji, baada ya tafakuri ndefu, inayo furaha kuwaarifu wakaazi wa Majengo kwamba wamestawishwa. Ili ustawi huo upate nafasi, wanatakiwa kuondoka kabla ya mwezi kwisha."

Maneno hayo mazuri aliyatunga Nicanor, karani na mkalimani wa Kamati, kijana wa bara mwenye tai mbili na imani moja, nayo ni kwamba serikali haikosei ila pale inaponukuliwa vibaya. Alikuwa amepanga chumba nyumbani kwa mjane Bi Mwanakuu, pamoja na Thoya, kuli wa bandarini. Asubuhi ile alibandika karatasi ya mwisho kwenye mlango wa nyumba anayolala mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa.

"Nicanor mwanangu," Bi Mwanakuu akamwita kutoka barazani, "hiyo karatasi yasemaje?"

"Yasema mmestawishwa, Bibi."

"Sote?"

"Bila ubaguzi."

"Na wewe je?"

Nicanor akafikiri. Hakuwa amelitazama jambo hilo kwa upande huo. "Mimi ni mtumishi wa Kamati. Nadhani mimi nimestawishwa kwa cheo."

Thoya, aliyekuwa akipiga mswaki, alicheka hata povu likamtoka. "Karani umejifukuza mwenyewe, na mwandiko mzuri!"

Kila mtu wa Mombasa anajua kwamba Majengo ardhi ina mwenyewe na nyumba ina mwenyewe. Bi Mwanakuu alijenga nyumba yake ya vyumba sita, ya boriti, fito, udongo na makuti, juu ya kiwanja cha watu, akilipa ijara ya ardhi tangu alipofiwa na mumewe. Vyumba vile ndivyo vilivyomlisha, na ndivyo vilivyowasitiri makuli, mafundi cherehani na watoto wao. Sasa kiwanja kimenunuliwa na kampuni moja iliyotaka kujenga ghala la maturubai. Wataalamu wa Kamati walikwisha kuthibitisha kwamba turubai likinyeshewa huharibika. Kuhusu watu kunyeshewa, uchunguzi ulikuwa bado unaendelea.

Alasiri ile uani kwa Bi Mwanakuu hapakuwa na pa kuweka mguu. Walikuja wanawake wa chama chake cha ngoma ya lelemama, wakaja makuli, akaja hata Ghulam, mwenye duka la nguo Biashara Street.

"Bi Mwanakuu," alisema Ghulam, "mafundi wangu wote walala hapa. Mkihamia ng'ambo huko, suruali za watu nitashona mimi na meno?"

Mmoja akasema iandikwe arudhuhali, barua ya kuisihi serikali.

"Arudhuhali!" Bi Mwanakuu akafyonya. "Tuliandika walipotutoa kule bandari ilipopanuliwa. Nilikwenda kuuliza majibu, nikaikuta imetumiwa kufunikia birika la chai. Mimi siwaandikii tena. Hajra, hebu waambie ulilonambia."

Hajra, wa chama hicho hicho, alikuwa yaya wa mabwana wakati wa vita. Bwana wake alipohamishwa nyumba yake itwaliwe na jeshi, kinanda chake kilipelekwa kwenye kiwanja cha Kamati, kikajengewa kibanda, kikawekewa mlinzi. "Na mimi nikatumwa kila siku kukipangusa vumbi," alisema Hajra. "Miaka mitatu. Na bwana hakulipa hata senti ya kuhifadhiwa."

Watu wakatazamana. Nicanor, aliyekuwa amejikunyata pembeni na bakuli lake la uji, akasema kwa fahari kwamba hifadhi hiyo ina kifungu chake kizuri sana cha sheria, na kwamba hakijafutwa.

Kamati ilipokaa, Majengo nzima ilikwenda. Mabwana walikuwa wamepanga meza kwenye kiwanja cha Kamati, kando ya uwanja wao wa tenisi, kwa ajili ya upepo. Mheshimiwa Mwenyekiti alisikiliza ombi la fidia akiwa amefumba macho, kisha akatoa hukumu, na Nicanor akaifasiri kwa sauti ya mahubiri: nyumba ya Majengo haina ardhi. Kisicho na ardhi hakikushikamana na chochote. Kwa hiyo ni mali inayohamishika, sawasawa na kabati, na hakuna dola duniani inayomlipa mtu fidia kwa kumwambia asogeze kabati lake. Mabwana wakapiga makofi. Likapitishwa kuwa Azimio.

"Tumekubali," akasema Bi Mwanakuu.

Kamati ikababaika. Haikuwa na utaratibu wa watu kukubali.

"Tumekubali, bwana. Ni kabati. Lakini mimi mtu mzima, nauliza. Nimeondolewa kwa faida ya umma, na kabati langu halina pa kukaa. Sheria ya makabati yasemaje?"

Nicanor alipenda sheria ndogo ndogo kama wengine wapendavyo taarabu. Akafungua kitabu, akasoma: mali inayohamishika ya mkaazi aliyeondolewa kwa faida ya umma itahifadhiwa kwenye kiwanja cha Kamati bila malipo, katika hali ile ile iliyokuwa nayo, na mwenyewe ana ruhusa ya kuweka walinzi.

"Hivyo ndivyo, Mheshimiwa?"

"Hivyo ndivyo," akasema Mheshimiwa, kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Kesho yake Mheshimiwa akaenda Nairobi kutazama mbio za farasi, na Majengo ikaanza kuhamisha makabati. Makuti yalishushwa, boriti zikang'olewa, milango ikapakiwa kwenye mikokoteni ya mahamali aliyoikodi Ghulam. Msafara ukashika Barabara ya Salim, wanawake wa lelemama mbele wakiimba, na askari wa barabarani akasimamisha magari ya mabwana ili kabati lenye vyumba sita lipite.

Nicanor alipokea mizigo kwenye lango la Kamati kwa utumishi usio na doa.

"Kabati moja," alisema. "Mbona liko vipande vipande? Lilikuwa katika hali gani?"

"Lilikuwa limesimama," akajibu Thoya.

"Basi sheria yataka lisimame."

Likasimama. Yakasimama na mengine, safu kwa safu, juu ya nyasi za tenisi. Udongo wa kukandikia ulichimbwa hapo hapo.

"Na walinzi ni wangapi?"

"Wote hawa."

"Hata watoto?"

"Hao walinzi wa akiba."

"Watalinda wakiwa wapi?"

"Karani nawe!" akasema Bi Mwanakuu. "Kabati hulindwa kwa mbali? Tutalinda tukiwa ndani. Na wewe ingia, chumba chako ni kile kile."

Mvua ya kwanza iliwakuta wote chini ya makuti.

Mheshimiwa Mwenyekiti aliporudi na kukuta nguo za watoto zimeanikwa juu ya wavu wa tenisi, alipiga ukelele uliosikika Ngomeni. "Zibomoe nyumba hizi!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akasema Nicanor, kwa huruma ya kweli. "Ni makabati, na yamo hifadhini. Kuyabomoa, lazima kwanza tuandike kwamba ni nyumba."

"Basi andika ni nyumba!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Niandike na fidia ya kila mtu wa Majengo?"

Mheshimiwa akaihesabu milango kwa macho, safu kwa safu. "Ni makabati," alisema.

Mambo yangeishia hapo, lakini tangu mgomo wa bandarini wa Januari wakubwa wa Nairobi walikuwa hawalali kwa kuulizwa na wakubwa wao makuli wanalala wapi. Akaletwa Mkubwa mmoja kukagua. Akateremka garini, akaona safu za nyumba, mifereji imechimbwa, wanawake wanafagia, akampa Mwenyekiti mkono kwa nguvu. "Nilidhani umelala, kumbe unajenga! Na gharama?"

"Hakuna gharama," akasema Mwenyekiti, na hilo lilikuwa kweli.

"Ajabu! Vutia maji ya bomba hapa. Tena ongeza. Jenga mpaka kule." Mkubwa akanyoosha fimbo. "Ila ile nyumba yenye roshani inaziba. Ya nani?"

Ilikuwa ya Mheshimiwa Mwenyekiti. Aliijenga kwa fedha zake, juu ya ardhi ya Kamati, kwa sababu ya mandhari.

"Bwana Karani," Bi Mwanakuu akauliza taratibu, "nyumba isiyo na ardhi yake, Kamati huiitaje?"

Nicanor hakusita. Aliulizwa swali la sheria mbele ya Mkubwa. Akalijibu kwa Kiingereza chake bora, akataja Azimio, na mfano wa kabati.

"Safi kabisa," akasema Mkubwa. "Aihamishe."

Jioni hiyo hiyo Nicanor alimpelekea Mwenyekiti karatasi ya kumwarifu kwamba amestawishwa. Mheshimiwa aliiomba fidia Kamati anayoiongoza. Kamati ilimsikiliza ikiwa imefumba macho, ikakataa.

Sasa yuko hotelini, na huko hakulala bure. Ameitisha kikao Jumatatu hii, saa tatu asubuhi, kubadili Azimio: nyumba yenye roshani itahesabiwa kuwa imeshikamana na ardhi hata kama ardhi ni ya watu, na nyumba ya makuti haitakuwa tena kabati, bali takataka, na takataka huchomwa. Wajumbe wametosha kupitisha. Mpaka leo kitu kimoja tu kinawatia wasiwasi: kikao ni cha hadhara, na mbele ya umati wa mji mzima, si wa Majengo peke yake, Kamati haijapata kuinua mkono.

Bi Mwanakuu atakuwepo, na Hajra, na Thoya na makuli wenzake. Hawatoshi. Basi wewe Jumatatu usifungue duka. Usiende zamu. Mwambie bosi wako una udhuru, na udhuru ni kweli. Mshike jirani mkono, umpitie na shemeji yako, mje mjaze kiwanja cha Kamati kabla ya saa tatu. Leo ni Jumamosi. Inuka uanze kubisha milango.