Paa Lisilokanyagwa

Jumatatu, 4 Agosti

Ba'mkubwa Randria ametangaza leo: kaburi la ukoo linavuja, lijengwe jipya kabla ya siku ya kuwatoa wazee marehemu kaburini na kuwavisha sanda mpya. Wahandisi wa ukoo tuko wawili, mimi na binamu yangu Njaka. Ramani itakayokubaliwa, mwenyewe akifa atalazwa rafu ya juu mashariki, ubavuni mwa Babu. Atakayeshindwa, rafu ya chini, mlangoni. Milele! Mimi mlangoni, Njaka kwa Babu? Thubutu!

Jumanne, 5 Agosti

Ujanja umepatikana. Njaka, kama Antananarivo nzima, anatumia kanuni za ujenzi za Wafaransa. Programu yangu ya kompyuta ina kanuni za nchi chungu nzima. Kazi ni kuchagua nchi isiyojua kimbunga, zege lipungue, Ba'mkubwa afurahi. Mbahili yule. Nikachagua moja ya huko kaskazini. Programu ikawatwisha wazee wetu theluji mita nzima! Nimefuta haraka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata nchi ya upepo mwanana. Sasa programu inauliza matumizi ya jengo: makazi, ofisi, ghala, ukumbi. Kaburi halimo. Hawa wenzetu huzikwa wapi? Nikamuuliza Shangazi Voahangy, kwa heshima zote, marehemu tuwahesabu wakazi au mizigo. Akainua sahani yangu ya wali, akaenda nayo jikoni. Haya basi, wakazi.

Paa nalo lina aina zake. Nimechagua lisilokanyagwa na mtu, isipokuwa fundi wa kuziba nyufa. Unene ukashuka mpaka nikacheka peke yangu. Njaka kwisha habari yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao. Ramani ya Njaka nene kama ngome! Paa amelihesabu kama ukumbi wa dansi. Nikamtania mbele ya ukoo kwamba anaogopa marehemu watatoroka. Watu wakaangua kicheko. Ba'mkubwa akatazama gharama zangu, akatabasamu. Nilikwishajiona nimelala kwa Babu.

Kisha akauliza polepole, "Tovo mwanangu, siku ya kuwatoa wazee huwa tunacheza wapi?"

Juu ya paa. Ukoo mzima, na wapiga tarumbeta wao. Mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikuwa hukohuko juu, nimembeba Babu begani ndani ya sanda yake, naruka kama mwehu. Video ipo.

"Ungetuangusha sote," akasema Ba'mkubwa, "tuwafuate wazee kabla ya zamu."

Njaka hakunicheka, mnafiki mkubwa. Alinisogezea tu kikombe cha maji ya moto ya ukoko wa wali. Nimepewa mlangoni. Nimelia chooni, mfereji nimeufungulia, wasinisikie.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi kanihurumia, wali umerudi. Anasema nikaombe radhi, nimsaidie Njaka kusimamia zege, huenda Ba'mkubwa akalegea. Nimsaidie Njaka! Mimi!

Nimepata dawa bora kuliko hiyo. Nitajijengea kaburi langu mwenyewe, la mtu mmoja, mashariki yote yangu. Nimekaa na programu tangu asubuhi. Ikaniuliza watu wangapi watapanda paani.

Nikaandika sifuri.

Limetoka jembamba, rahisi ajabu. Njaka atakoma!