Ratiba Tatu za Mji wa Madaraja

Jumatatu, 3 Juni

Nimetangaza safari. Watu watano, wiki mbili za Agosti, ng'ambo, miji mitatu. Majina ya miji siyaandiki humu kwa sababu daftari halina kufuli. Nitasema tu Mji wa Makumbusho, Mji wa Madaraja na Mji wa Milima.

Nilitarajia vigelegele. Kilichosikika ni kijiko kuanguka. Kifungua Mimba, binti wa miaka ishirini na minne, alisema Agosti ana safari yake na wenzake wa kazini. Wa Kati, ishirini na moja, aliuliza kama ni lazima alale chumba kimoja na mimi, maana nakoroma. Kitinda Mimba, kumi na saba, hakuinua macho kwenye simu. Alisema sawa Baba. Sawa ya namna ile! Mke wangu akauliza mbona ghafla.

Mbona ghafla? Kwa sababu Kifungua Mimba anaolewa Desemba. Kwa sababu Wa Kati amepata kazi mji mwingine na anahama. Kwa sababu siku hizi maziwa yanaharibika kwenye friji, hakuna wa kuyamaliza. Nataka mara moja tu tuketi watano kwenye mstari mmoja wa ndege, mimi katikati. Hayo sikuyasema. Mtu akishajua unachokitaka, amekushika pabaya. Nilisema hali ya hewa ya Agosti ni nzuri.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji alikuja. Huyu ni mdogo wake mke wangu, namwita Mjuaji. Aliwahi kwenda ng'ambo mara moja, siku tisa, na kwa mazungumzo hajarudi mpaka leo.

Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akasema siku mbili Mji wa Madaraja hazitoshi, angekuwa yeye angeweka nne. Macho yalinitoka. Siku mbili! Nani kamwambia siku mbili? Ratiba nimeandika kwa mkono wangu na haijatoka chumbani.

Nimetabasamu. Ndani nilikuwa nachemka. Kuna mtu katika nyumba hii anavujisha.

Jumatano, 5 Juni

Sikufanya kazi ya maana leo. Nilikuwa nawaza.

Mimi ni mkaguzi wa mizani, mwaka wa ishirini na sita sasa. Napita madukani kupima kama kilo ni kilo. Nimewakamata watu wanaotabasamu vizuri kuliko Shemeji. Tuna njia yetu: kila jiwe la mizani tunalitia alama ya siri chini, tofauti na ya jingine. Jiwe likionekana pasipo pake, alama inasema limetoka kwa nani.

Basi watoto wangu nao watatiwa alama. Kila mmoja atapewa ratiba yake, tofauti kwa tarehe moja tu, ile ya kufika Mji wa Madaraja. Shemeji akija kutaja mojawapo ya tarehe hizo, nitajua alipoipata. Mke wangu simpi chochote. Yeye na Mjuaji ni damu moja.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegawa. Kifungua Mimba nilimpa jikoni akiwa na mikono yenye sabuni: tarehe saba. Wa Kati nilimkuta akifunga viatu: tarehe kumi na moja. Kitinda nilimvizia kwenye ngazi: tarehe kumi na tatu. Kila mmoja nilimnong'oneza kwamba ni siri yetu wawili.

Tarehe ya kweli ni tisa. Nakala yake ipo ndani ya kiatu changu cha mvua, cha kushoto. Nimependa sana siku ya leo.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa wakala wa safari. Dada mpole, kucha ndefu, anauliza maswali mengi mno kwa mtu asiye na lake. Nilijaza fomu nne za familia palepale, nikitazama nakala ya kiatuni, huku nimeifunika kwa kiganja asione. Mteja mwingine akaingia, akakaa karibu yangu, akakohoa. Kikohozi cha kupanga. Nikaondoka. Fomu yangu niliijazia ofisini kwangu mchana, nikinakili karatasi iliyokuwa mfuko wa koti, na nikaipeleka kabla hawajafunga. Kazi safi.

Jumamosi, 8 Juni

Vichwa vitatu jikoni. Nilipoingia, vikaachana! Wa Kati akaanza kusifia sufuria.

Kifungua Mimba akaniuliza, kwa sauti laini isiyo yake, tunafika lini Mji wa Madaraja. Nikasema kama nilivyokwambia. Akasema nilimwambia tarehe saba, lakini wadogo zake wanasema kumi na moja na kumi na tatu. Mkaguzi hafichui mtego wake hata akibanwa. Nikasema sikumbuki kabisa kuwaambia hao kitu kama hicho.

Wakatazamana. Nimewashika, sijui tu nimewashika kwa lipi.

Jumapili, 9 Juni

Wote wamekuwa wema. Hili si jambo la kawaida.

Wa Kati ameosha gari langu bila kuombwa. Kitinda ameweka simu chini, simu nzima, akaniuliza mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliitwa nani. Jina la mwalimu! Yale ndiyo maswali wanayouliza matapeli wanapotaka namba zako za siri. Nilimpa jina la uongo. Mke wangu alikuwa anasikiliza, akaziba mdomo.

Mchana nikakuta mke wangu ameandika vibandiko kwenye droo zangu: SOKSI. VITAMBAA. FUNGUO. Droo nimeishi nazo miaka kumi na minane, leo zinahitaji majina? Anataka kujua nikigusa nini. Nimehamishia soksi kwenye VITAMBAA na funguo kwenye SOKSI. Tuone.

Jumatatu, 10 Juni

Kifungua Mimba amefuta safari na wenzake. Anakuja na sisi. Alinikumbatia kwa muda mrefu, macho mekundu. Nilimpigapiga mgongo huku najiuliza anataka nini. Harusi imeshapangwa, ukumbi umeshapatikana. Labda anataka gari.

Mke wangu ameona soksi. Hakugomba. Alizirudisha mahali pake akashusha pumzi.

Jumatano, 12 Juni

Mke wangu alisema twende tukapigwe chanjo za safari. Nikaenda. Hapakuwa na sindano! Palikuwa na daktari kijana, meza safi, na maswali.

Aliniuliza leo tarehe ngapi. Nikamuuliza anaitakia nini, kalenda ipo nyuma yake. Akanitajia maneno matatu, kiti, mto, kengele, akaomba niyashike kichwani. Baadaye akayadai. Nilikataa. Neno nililoaminiwa faragha silitoi, hata kwa aliyenipa. Akaniambia nichore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Nikachora saa bila mishale, nikaandika chini: haijakaguliwa.

Aliandika sana. Nilijaribu kusoma kichwa chini miguu juu, akageuza karatasi. Tulipotoka, mke wangu alinishika mkono ngazi zote tatu, kama tulivyokuwa tukitembea kabla ya watoto. Ilikuwa raha. Lakini chanjo iko wapi?

Ijumaa, 14 Juni

Nimejua.

Nilirudi kutoka kazini mapema, nikavua viatu mlangoni kama ninavyofanya nikitaka kusikia mambo. Walikuwa sebuleni wote wanne. Kifungua Mimba alikuwa akisema Baba anasahau, daktari naye amesema hali si nzuri, lazima twende sote kabla hajatusahau na sisi. Wa Kati akasema ameshaomba kazini wamsogezee tarehe ya kuanza. Kitinda alikuwa analia. Kitinda wangu, anayejibu sawa Baba!

Kumbe hawakuwa wananizunguka. Walikuwa wananiogopea. Tarehe tatu, soksi, jina la mwalimu, yote wameyaweka pamoja wakaona kichwa cha baba yao kinaondoka. Niliona aibu na nikaona furaha, na sijui ipi ilitangulia.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Nilitaka kuingia niseme ni mtego tu wanangu, nina akili timamu. Halafu nikahesabu. Kifungua Mimba anakuja. Wa Kati anakuja. Kitinda anakuja. Watano! Nikisema ukweli, safari ya Kifungua Mimba na wenzake inafufuka na tarehe ya kazi ya Wa Kati inarudi palepale.

Nikaingia nikauliza nani ameona miwani yangu. Nilikuwa nimeivaa.

Jumapili, 16 Juni

Sijawahi kupendwa hivi. Nakatiwa matunda. Nachaguliwa chaneli. Shemeji alikuja akaketi kiti cha pembeni, akazungumza nami taratibu na kwa sauti kubwa, kisha akaniachia nimshinde drafti mara tatu. Mjuaji! Nikala kete zake zote huku natazama dirishani kama mtu asiyejua yuko wapi.

Nitawaambia tukirudi. Au tukiwa angani, ambapo hakuna mlango wa kutokea.

Jumanne, 18 Juni

Balaa.

Wakala alipiga simu ya nyumbani, Kitinda akapokea. Yule dada alitaka kuhakikisha: watu wanne wanafika Mji wa Madaraja tarehe tisa na kuondoka kumi na moja. Baba anafika kumi na moja, peke yake. Ni makusudi?

Karatasi ya mfuko wa koti! Ilikuwa nakala ya ziada ya ratiba ya Wa Kati. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Wao wangekuwa wanapanda ndege, mimi nashuka, tupungiane mikono kwenye kioo.

Hakuna aliyenigombeza. Kifungua Mimba alisema polepole kwamba si kosa la Baba. Hilo ningelivumilia. Lakini mke wangu aliketi kwenye kochi akafunika uso kwa upande wa kanga yake, mabega yakawa yanatikisika. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nimemwona akilia mara tatu, na moja ni kitunguu. Hilo sikuliweza.

Nikaleta kiatu cha mvua. Nikatoa nakala ya kweli, nikapanga karatasi zote mezani, nikaeleza alama za siri, soksi, mwalimu, saa bila mishale. Nikakiri hata miwani.

Wa Kati akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akakumbuka alichoomba kazini, akaacha. Kifungua Mimba akasema amewavunjia wenzake safari iliyopangwa mwaka mzima kwa ajili ya kiatu. Mke wangu alikwenda chumbani, nikamsikia akibandua vibandiko kwenye droo, kimoja kimoja, kwa nguvu.

Nikasema, kwa unyonge, kwamba yote yalianzia kwa aliyevujisha, na mpaka sasa hajapatikana. Wakampigia Shemeji, akaja hapohapo. Akafungua simu yake, akanionyesha. Jumamosi, tarehe moja Juni, mchana. Picha ya ratiba, siku mbili Mji wa Madaraja, imetoka kwenye namba yangu, na maneno chini yake: Unaona? Si wewe peke yako wa kwenda ng'ambo.

Sikumbuki kuituma. Nilisema hivyo kwa sauti. Wakatazamana tena.

Alhamisi, 20 Juni

Siku mbili hakuna anayenisemesha. Mezani naombwa chumvi kupitia kwa mtu mwingine, na chumvi iko mbele yangu.

Asubuhi nimeandika karatasi nyingine. Moja tu, ya wote, nimeibandika kwenye friji. Inasema: Nilitaka tuketi watano mstari mmoja kabla hamjaondoka. Ni hilo tu. Nikatoroka kwenda kazini kabla hawajaamka. Nimepima kilo arobaini, zote sahihi.

Jumamosi, 22 Juni

Tiketi mpya mezani. Kifungua Mimba alikwenda kwa wakala mwenyewe. Mstari wa ishirini na saba, viti vitano, jina langu katikati. Tarehe tisa, wote.

Nilimuuliza na wenzake wa kazini je. Akasema wameelewa. Akasema bado amenikasirikia, na atakuwa amekasirika kwenye ndege pia, kiti cha kulia kwangu. Wa Kati akasema yeye kushoto, ila nikikoroma atanibana pua. Kitinda akasema sawa Baba. Safari hii aliinua macho. Mke wangu akasogeza chumvi mbele yangu kwa mkono wake.

Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasisikie. Nimelia vizuri.

Jumapili, 23 Juni

Nimelala nikalifikiria. Wamekubali wote. Bila sharti, bila kuomba kitu, baada ya yote niliyowafanyia. Katika kazi yangu, mizani ikikaa sawa namna hiyo mara ya kwanza, mtu mwenye akili anaipindua aangalie chini.

Kuna jambo. Na asubuhi hii Shemeji amepiga simu kuuliza, eti kwa nia njema, siku ya safari tutaondoka nyumbani saa ngapi ili atusindikize. Nani kamtuma?

Nimeandika karatasi tatu. Kifungua Mimba anajua tunaondoka saa moja asubuhi, Wa Kati saa mbili, Kitinda saa tatu. Kila mmoja nimemnong'oneza kwamba ni siri yetu wawili. Saa ya kweli nimeiandika pembeni na kuificha mahali salama. Si kiatuni, kiatu wanakijua. Mahali salama zaidi.

Nimekuwa nikipatafuta tangu mchana.