Habari za Shangazi, Oili Nzito na Kitambaa Cheupe

Njooni, nyote mlioketi na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri chakula kiive. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, na huyo anayekoroma pembeni aguswe bega. Mnaletewa habari za Shangazi, Mshona Sare, Bingwa wa Pindo, Mwenye Sindano Isiyokosea, na siku ile aliyosimama peke yake mbele ya ukuta wa oili mia moja, akatoka na moja. Wajukuu zenu watawauliza mlikuwa wapi siku hiyo. Msithubutu kuwaambia mlikuwa mnafua.

Nawe kumbukumbu, usiteleze sasa, ingawa habari yenyewe ni ya kitu kinachoteleza.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa na gari aliloliita Mkongwe. Lilikuwa na rangi ya karatasi ya kaki, taa moja yenye ukungu, na mlango wa nyuma uliofunguka kwa kupigwa kiganja mahali pamoja tu, na mahali hapo hakuna binadamu aliyepajua ila Shangazi. Alilipata kwa miaka kumi na mmoja ya kushona sare za shule. Mlango wa kushoto, kwa hesabu yake, ulikuwa sketi za marinda. Usukani ulikuwa mashati ya mikono mifupi. Na injini ilikuwa kaptula za wavulana mia tisa, zote zenye mifuko miwili. Kwa hiyo aliyemtukana Mkongwe alizitukana kaptula mia tisa kwa mkupuo.

Na mtukanaji alikuwapo. Alikuwa Shemeji, mume wa mdogo wake Shangazi, Bwana wa Miwani ya Jua, mwenye gari jekundu lililoinama kama linanusa barabara, lenye injini ya mbio na ngurumo ya simba mwenye mafua. Kila Jumapili walikutana nyumbani kwa Bibi, mama yake Shangazi. Na kila Jumapili Mkongwe aliwasili ndani ya wingu la moshi wa buluu, kama sultani anayetanguliwa na wafukiza ubani.

Hata ikafika Jumapili moja, Shemeji akasimama barazani, mkono kifuani, akahutubia umma. Umma ulikuwa watu watatu, mmoja wao akimenya viazi.

"Dada yangu," akanena, "mbingu ni shahidi kwamba nakupenda. Miezi miwili sasa nakuletea oili ileile ninayoiwekea gari langu, oili ya mashindano, oili yenye picha ya moto kwenye kopo! Na bado hili si gari, ni jiko lenye magurudumu. Nimeshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Anakuja Jumatatu ya wiki ijayo."

"Anakuja kwako au kwangu?" akauliza Shangazi.

"Kwako."

"Basi mwambie aje na suruali iliyochanika, nimshonee, asirudi mikono mitupu."

Bibi akaweka kisu cha viazi chini. Bibi alikuwa mwenye gari kwa maana moja kubwa: ndiye aliyepandishwa nalo zahanati, kilimani juu, kila mwezi.

"Mwanangu," akamwambia Shangazi, "mimi huko nafuata dawa ya kifua. Sasa nifuate dawa ya kifua ndani ya gari linaloniongezea kifua? Jumamosi ijayo tutapanda. Likipanda bila moshi, libaki. Likitoa moshi, liende zake, na mimi nitapanda la shemeji yako, hata kama kuingia mle ni lazima nikunjwe kama shuka."

"Na nani ataamua kama ni moshi au ni vumbi?" akauliza Shemeji, kwa sauti ya mtu aliyeshinda tayari.

"Kitambaa," akasema Shangazi. "Nitakata kipande cheupe cha bitana, nikifunge juu ya bomba la moshi. Kikifika kileleni cheupe, Mkongwe anabaki, na wewe shemeji utamwosha kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kwa mikono yako."

"Nitamwosha na kumpaka manukato! Kikifika cheupe!"

Basi wakapeana mikono, na Bibi akarudi kwenye viazi.

Jumatatu asubuhi Shangazi aliacha cherehani ikiwa na mguu mmoja wa suruali chini ya sindano, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akampeleka Mkongwe kwa fundi wa magari. Huyo walimwita Daktari, kwa kuwa alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma na mpini sikioni. Akasikiliza. Akafumba macho. Akasikiliza tena, hata Shangazi akahisi ni yeye anayepimwa.

"Hajafa," akasema Daktari. "Amechakaa tu. Unampa oili gani?"

Shangazi akatoa kopo lenye picha ya moto. Daktari akalitazama kama mama anayemkuta mtoto mchanga akipewa pilipili.

"Nani amekupa hii?"

"Shemeji."

"Mnapendana?"

"Jumapili tu."

"Sikiliza, Shangazi. Oili hii ni nzuri sana, ila ni nyepesi mno. Injini ya shemeji yako ni changa, vyuma vimebanana. Oili nyepesi inapenya inapotakiwa. Injini yako imetembea dunia, vyuma vimeachana. Oili hii inapita katikati yao kama mwanafunzi anayetoroka shule, inaingia kwenye moto, inaungua. Ndiyo moshi wako huo. Shemeji yako anakuletea moshi kwenye kopo."

Shangazi akalitazama kopo upya. Kisha uso wake ukang'aa, maana kitu kilikuwa kimeingia katika lugha yake.

"Ni tundu la kifungo lililolegea," akasema. "Halitaki kifungo cha dhahabu. Linataka kifungo kinene."

"Hapo umenishinda. Ila usipitilize. Jirani yako mwenye lori atakwambia uweke oili ya giaboksi. Ukiiweka hiyo, asubuhi injini itashindwa hata kuamka."

Na kweli, jirani mwenye lori alimsimamisha njiani akamwambia hayohayo.

Ndipo Shangazi, Mwenye Sindano Isiyokosea, akaingia katika duka la vipuri. Mbele yake ukasimama ukuta, sakafu hadi dari, makopo yamejipanga safu kwa safu kama jeshi siku ya gwaride: ya dhahabu, ya fedha, yenye farasi, yenye umeme, yenye ahadi ya kuifufua injini ndani ya saa moja. Akarudi nyuma hatua moja. Akakumbuka kaptula mia tisa, akasonga mbele mbili.

"Karibu, mama!" akapaza muuza vipuri. "Hii hapa ndiyo mfalme! Ya mashindano! Gari litaruka!"

"Silitaki liruke. Nalitaka lipande kilima na mama yangu ndani, bila kukohoa wote wawili."

"Basi chukua hii ya malori, nzito kuliko zote!"

"Mama yangu si mzigo wa saruji."

Kisha akafungua pochi, akatoa silaha ambayo hakuna aliyeitarajia: kitabu cha gari, kile kinachozaliwa nalo na ambacho wenye magari hukitumia kuulia nzi. Shangazi alikuwa amekishonea jalada la kitambaa cha sare. Akafungua, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti namba za uzito wa oili: "Ishirini, hamsini."

Muuza vipuri akaangalia kitabu, akaangalia jalada. Akaweka juu ya kaunta vichupa viwili vya mfano. Shangazi akachovya kidole katika cha kwanza, akasugua kwa dole gumba, kama apimavyo kitambaa. "Hariri. Itachanika." Akachovya cha pili. Ikavutika, ikashika, haikukimbia. "Hii ni kaki," akasema. "Nipe hii."

Jumamosi Daktari akamwaga oili nyepesi, akabadilisha chujio, akamimina ile nzito, nayo ikashuka polepole kwa heshima. Shangazi akafunga kitambaa juu ya bomba la moshi, cheupe, chenye pindo pande zote nne, kwa kuwa hata siku ya hukumu kitambaa hakitoki kwake bila pindo.

Shemeji akafika kukagua. Akavuta kijiti cha kupimia oili, chenye weusi wa miaka mingi, akakisugua kwa dole gumba. "Nzito hivi! Dada, hii ni asali! Hata getini hamfiki!" Kisha, kwa kuhofia hila, akaenda nyuma, akakivuta kitambaa huku na huku kuhakikisha fundo. Halafu akapanda gari lake jekundu, akawafuata nyuma, macho kwenye bitana.

Na Mkongwe akapanda. Alipita kwenye kona ya kwanza akinguruma kwa sauti nene ambayo Shangazi hakuwa ameisikia kwa miezi miwili. Alipita kwenye kona ya pili, ambapo kwa kawaida Bibi hufunga dirisha na kuanza kusali. Bibi akafungua dirisha. Shangazi hakuthubutu kutazama kioo. Alishika usukani kama anayeshika mkono wa mgonjwa, akahesabu kaptula kimoyomoyo, na alipofika mia tisa, walikuwa mlangoni pa zahanati.

Shemeji akaruka garini, akakimbilia kitambaa, akapiga ukelele uliowatoa wagonjwa nje.

"Doa! Doa jeusi! Moshi huu hapa, jamani!"

Shangazi akashuka, akazunguka nyuma ya gari. Palikuwa na doa kweli, karibu na pindo. Akaliona gari lake likiyeyushwa kuwa masufuria.

Bibi akashuka taratibu, akavaa miwani, akakiinua kitambaa kwenye jua, akakichunguza kwa muda mrefu kiasi kwamba muuguzi alitoka kuuliza kama kuna msiba.

"Mkwe wangu," akasema hatimaye. "Moshi huwa na mistari ya dole gumba?"

"Mistari gani, Mama?"

"Leta kidole."

Akakileta. Kilikuwa cheusi bado. Bibi akakiweka juu ya doa, nacho kikalala pale kama mguu katika kiatu chake. Kwingine kote kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani. Wagonjwa wakapiga makofi, hata yule mwenye bandeji akapiga kwa mkono mmoja pajani.

Ndivyo ilivyoandikwa historia, nanyi mmeisikia. Kitambaa kile kimetundikwa juu ya cherehani ya Shangazi, doa likiwa mahali pake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja Jumatatu na suruali iliyochanika, akashonewa. Na Jumamosi iliyofuata Shemeji, Bwana wa Miwani ya Jua, alimwosha Mkongwe kwa ndoo na sabuni, nje na ndani, akamfunga milango yote, ndipo akakumbuka kwamba miwani yake imebaki kwenye kiti cha nyuma. Akaupiga mlango wa nyuma kiganja juu. Akaupiga chini. Akaupiga katikati.

"Dada! Ni wapi pa kupiga?"

Ndani, Shangazi akakanyaga cherehani, ikalia kwa nguvu zaidi.